Mashua ya kuburuta ufukweni au mashua ya mkuku: ipi inafaa pwani ya miamba isiyo na bandari?

Wengi wanaotafuta chombo kidogo cha tanga kwa ajili ya pwani ya mbali, yenye miamba na isiyo na bandari, huanza kwa kuuliza kinakwenda kasi gani na ndani wanalala wangapi. Maswali hayo yana nafasi yake, ila pwani ya namna hii ina swali linalotangulia yote: upepo ukigeuka ukawa unakusukumia kwenye mawe, chombo kitajiokoa vipi? Kuna njia mbili. Ama kikimbilie ufukweni na kuvutwa mpaka juu ya alama ya maji kujaa, ama kibishane na upepo na kutoka nje, kipate bahari ya kutosha kati yake na miamba. Chombo chepesi kinajua njia ya kwanza, chombo cha mkuku mzito (pezi la risasi au chuma lililo chini yake) kinajua ya pili. Kisichojua hata moja ndicho cha kuogopa, na kwa bahati mbaya ndicho kinachovutia macho zaidi kikiwa kimefungwa gatini siku ya jua.

Ulinganisho huu umejengwa juu ya swali hilo. Mengine yote, kuanzia umbo la tanga hadi aina ya nanga, yanalifuata.

Vyombo vyenyewe

Kundi la kwanza ni mashua ya wazi iliyo nyepesi, urefu wa mita 4 hadi 5, yenye ubao wa kuteremsha katikati badala ya mkuku. Mfano unaojulikana sana ni Wayfarer, iliyochorwa na Ian Proctor mwaka 1957. Ina urefu wa mita 4.8, mwili wake mtupu una kilo 169, na ubao ukipandishwa inaelea kwenye maji ya sentimita 20 hivi.

La pili ni mashua ya wazi iliyo kubwa kidogo, mita 5.5 hadi 6.5. Ina nafasi, imetulia, ina milingoti mifupi inayoshushwa kwa mkono. Drascombe Lugger, mita 5.7, ni ya kundi hili, na uzito wake unazidi kilo 300 kabla hujapakia hata pipa la maji.

La tatu ni mashua yenye kibanda na mkuku, mita 6 hadi 8. Mkuku unaweza kuwa mmoja mrefu, au miwili mifupi inayokaa kama miguu. Westerly Centaur, iliyoanza kuundwa mwaka 1969, ni ya mikuku miwili: mita 7.9, tani 3 hivi, na inazama majini kiasi cha mita 0.9.

Kundi la nne, katamarani na trimarani ndogo (vyombo vya miili miwili au mitatu iliyounganishwa), nitaligusa mbele kwa ufupi.

Upepo unapokusukumia pwani

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, basi tukae hapa kidogo.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali kwa mraba wa kasi. Upepo wa noti 30 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) unasukuma mara nne ya upepo wa noti 15. Mashua nyepesi ya wazi, inayokwenda vizuri na tanga zima kwenye noti 12, hudai tanga lipunguzwe kwenye noti 16 au 18, na ikifika noti 25 kazi yake ni kubaki wima tu. Kinachoisimamisha ni miili ya watu walioegemea ukingo wa joshi, yaani upande upepo unakotoka. Wao ndio farumi, uzito wa kukitulizia chombo, na wakichoka, farumi imechoka. Tena mwili mwepesi hauna nguvu ya kupasua wimbi: kila wimbi linauzuia, unapoteza mwendo, na chombo kisicho na mwendo huteleza kuelekea demani, upande upepo unakoelekea. Mtu anaweza kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kupinda huku na huku, saa nzima, na mwisho akiangalia jabali lile lile analiona limemkaribia.

Mashua ya mkuku hulala upande, ikafika mahali ikakataa kulala zaidi kwa sababu ya risasi au chuma kilicho chini yake. Haichoki. Ukiwa na tanga kuu lililopunguzwa mara mbili na kijitanga kidogo cha mbele, mashua ya mita 7 iliyoundwa vizuri inaweza kuendelea kupata maili kuelekea joshini hali ile nyepesi imeshapoteza uwezo huo. Si kwa raha, lakini inapata. Na ikipinduliwa na wimbi la kuvunjika, yenyewe huinuka, mradi mlango na madirisha vimefungwa.

Kisa cha mashua iliyoitwa James Caird kinaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Mwezi Aprili 1916 Ernest Shackleton, mpelelezi wa Antaktika, na wenzake watano walitoka kisiwa cha Elephant Island katika mashua hiyo ya mita 6.9 kwenda kisiwa cha South Georgia, umbali wa maili 700 hivi za baharini. Ilikuwa mashua ya wazi, ila kabla ya kuondoka seremala Harry McNish aliinua kingo zake na kuifunika juu kwa turubai, wakapakia mawe chini iwe farumi. Bahari kuu waliivuka. Waliiona nchi tarehe 8 Mei, na kwa kuiona tu hatari ikazidi: mawimbi yalikuwa yanavunjika juu ya miamba wasiyoijua, hakuna pa kupanda, kisha kimbunga kikaanza kuwasukumia humo humo. Walipigana na upepo kujitenga na majabali, na hawakuingia King Haakon Bay, ghuba ya kisiwa hicho, mpaka tarehe 10. Kilichowaokoa pale ni kwamba mashua ile, ikiwa na uzito tumboni na kifuniko juu, bado iliweza kuipa pwani mgongo.

Kuna wanaosema mashua ya wazi imeshavuka bahari, kwa hiyo pwani haiwezi kuishinda. Ni kweli imevuka. Frank Dye alikwenda na Wayfarer kutoka Uskoti hadi Aisilandi mwaka 1963, na mwaka uliofuata hadi Norwei. Upepo ulipozidi alilaza mlingoti, akatupa nanga ya kuelea mbele ya omo (sehemu ya mbele ya chombo), ule mfuko wa turubai unaokokota maji na kukifanya chombo kielekeze uso kwenye mawimbi, akasubiri. Katika safari ya Norwei yeye na mwenzake walipinduka zaidi ya mara moja na mlingoti ukavunjika. Webb Chiles naye alianza mwaka 1978 kuvuka Pasifiki katika Drascombe Lugger; mwaka 1980 ikajaa maji kati ya Fiji na Vanuatu, akaelea nayo majuma mawili mpaka akafika nchi kavu. Lakini angalia kilichowasaidia wote wawili: nafasi. Chombo kilichotulizwa kwa nanga ya kuelea, au kilichojaa maji, husogea na upepo na mkondo polepole, usiku na mchana. Baharini hilo linavumilika. Maili mbili kutoka kwenye jabali, ni hesabu ya saa chache.

Jabali nalo lina tabia zake. Wimbi likiligonga hurudi, likakutana na linalokuja, na maji yakawa yanaruka juu na kuanguka bila mpangilio. Mchafuko huo unaweza kufika mamia ya mita kutoka pwani, wakati mwingine zaidi, na ndio unaomwondolea mwenye mashua nyepesi upepo kwenye tanga na mwendo kwenye usukani kwa wakati mmoja. Rasi ni mbaya zaidi, kwa kuwa mawimbi marefu ya bahari kuu hujipinda kuifuata na mkondo hubanwa ukaongeza kasi. Kati ya Uskoti bara na visiwa vya Orkney, kwenye mlango wa Pentland Firth, mkondo huzidi noti 10, na upepo ukivuma kinyume chake mawimbi husimama wima yakavunjika hata siku ambayo kwingine ni shwari. Chombo chochote kidogo, chepesi au kizito, kinapita rasi ya namna hiyo kwa saa ya mkondo wala si kwa nguvu zake. Kwa hilo vyombo vyote viko sawa.

Kupanda ufukweni

Sasa upande wa pili wa mizani. Mashua nyepesi ina hazina ambayo ya mkuku haitaipata kamwe: kila kijighuba chenye mchanga au changarawe ni bandari yake. Watu wawili wenye afya, magogo matatu ya mpira ya kuviringisha chini yake na kapi zilizopangwa kuzidisha nguvu mara nne, wanaweza kuitoa mashua ya kilo 170 majini na kuipandisha mpaka kwenye majani. Shehena hushushwa kwanza. Baada ya hapo dhoruba ivume siku tatu, wao wamelala kwenye hema.

Jaribu hayo na mashua ya kundi la pili, kilo 350 za mwili na 150 za mizigo, kwenye ufukwe wa mawe ulioinuka. Haiendi. Watu wawili wanaisogeza kidogo, wimbi linairudisha, na usukani unaanza kugonga. Hii ndiyo sababu siipendekezi mashua ya wazi ya ukubwa wa kati kwa pwani ya miamba, ingawa ni chombo kizuri mno kwenye ghuba zilizofungika na mahali ambapo maji hukauka taratibu juu ya tope. Ni nzito kwa kuburuta, na ni wazi mno kwa kukaa nje. Nimeiona ikipendwa na watu wengi kwa utulivu wake, na utulivu huo ni wa kweli, ila si jibu la swali tulilouliza mwanzo.

Hata kwa ile nyepesi, kupanda kuna masharti. Wimbi huanza kuvunjika kina kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo wimbi la mita moja litavunjika mahali ambapo mtu mzima bado anazama kifuani. Ukitazama kutoka baharini unaona migongo ya mawimbi tu, laini na ya duara, na daima yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Kaa nje ya mstari wa kuvunjika, hesabu makundi ya mawimbi, tafuta pembe ya ghuba iliyo nyuma ya rasi au nyuma ya kipwa (mwamba unaojitokeza maji yakipwa), kisha ingia kwa makasia, tanga limetuliwa. Kuingia na tanga juu kwenye mawimbi yanayovunjika ni kuacha uamuzi mikononi mwa upepo.

Kuna jambo dogo lililowatia watu wengi matatani. Kwenye ufukwe wa changarawe, vijiwe hupenya ndani ya kisanduku cha ubao wa kuteremsha. Mashua inakaa usiku kucha juu ya changarawe, asubuhi inasukumwa majini, tanga linatwekwa, na ubao unakataa kushuka. Bila ubao mashua haibishi, inateleza tu, na ufukwe uko demani. Dawa yake ni kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya chini ya ubao na kupitisha kamba nyembamba inayozunguka hadi ndani ya mashua, ili ubao uweze kuvutwa kwa nguvu kwenda chini. Na kabla ya yote, ubao ujaribiwe maji yakiwa kiunoni, mtu mmoja bado amesimama nje ameshika omo.

Nanga, au kupwelewa kwa hiari

Mashua ya mkuku haina ufukwe, ina nanga. Kwa hiyo anayeichagua anachagua pia nanga yenye uzito wa kutosha, mnyororo, na kamba nyingi kuliko anavyodhani. Chukua hesabu moja. Unaingia maji yakiwa yamepwa, kina ni mita 4. Maji yatapanda mita 3 zaidi. Omo iko mita moja juu ya maji. Jumla ni mita 8. Kwa kamba yenye kipande cha mnyororo mbele yake, mara 7 ya hiyo ni mita 56. Anayetazama kina cha mita 4 na kutoa mita 20 ameweka nanga ya mapumziko ya mchana, si ya usiku wa upepo.

Kwenye miamba nanga ina matatizo mawili yanayopingana: ama haishiki kabisa, inakwaruza juu ya jabali tupu, ama inashika ufa na haitoki tena. Kwa hilo la pili, funga kamba ya pili kwenye kichwa cha nanga, upande wa nyuma, na uiache ikielea na boya dogo. Asubuhi unaivuta nanga kinyumenyume. Kwa hilo la kwanza hakuna dawa isipokuwa kuhama.

Pwani nyingine zina ghuba nyembamba zilizo na kina kirefu hadi karibu kabisa na ukingo, kama zile za kusini mwa Chile. Pale upepo huporomoka kutoka milimani kwa ghafla, na mabaharia hutia nanga kisha wakafunga kamba ndefu, mbili hadi nne, kwenye miti au mawe ya nchi kavu. Hiyo inataka kamba za mita 100 na mtumbwi mdogo wa kupeleka kamba. Mashua ya wazi iliyo nyepesi ingepata shida zaidi mahali kama hapo, maana kingo za ghuba ni mawe matupu au msitu unaoanzia majini, hakuna pa kupandia. Ndiyo maana nasema ramani ya pwani yenyewe ichunguzwe kabla ya chombo.

Mikuku miwili inaleta njia ya tatu ambayo naiheshimu sana. Mashua inaingizwa kwenye hori, maji yanapwa, inasimama wima juu ya tope au mchanga mgumu, na watu wanapika na kulala kama kawaida. Mashua ya mkuku mmoja ikipwelewa inalala ubavuni, na maji yakirudi huenda yakaingia ndani kabla haijainuka. Hesabu ya maji ifanywe kwa makini: katika saa sita za kupwa, maji hushuka sehemu moja ya kumi na mbili saa ya kwanza, mbili saa ya pili, tatu ya tatu, tatu ya nne, mbili ya tano na moja ya sita. Nusu nzima ya maji huondoka katika saa mbili za katikati. Pia usipwelewe kilele cha bamvua (siku za maji makubwa), maana maji yanayofuata ni madogo kila siku na unaweza kubaki pale mpaka mwezi ubadilike. Kwenye pwani kama ya Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, ambako maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 10, kosa la saa moja ni kosa la mita kadhaa.

Mikuku miwili inatoza gharama: mashua hubisha vibaya kidogo kuliko ya mkuku mmoja mrefu. Kwangu ni gharama ya kulipa, isipokuwa pwani iwe haina tope wala mchanga kabisa.

Uwezo wa kungoja

Kibanda hutajwa kama starehe. Kwenye pwani ya mbali ni zana ya usalama, kwa sababu aliye mkavu, mwenye moto na mahali pa kunyoosha miguu, anaweza kungoja. Aliyelowa siku mbili chini ya turubai huanza kuona dalili za hali ya hewa nzuri pasipo na dalili. Anaondoka mapema. Safari nyingi za vyombo vidogo huharibika kwa namna hiyo, watu wakitoka mahali salama kwa sababu tu wamechoka kukaa pale.

Mashua nyepesi inalipa deni hili kwa hema la nchi kavu, na hema zuri juu ya ardhi kavu linashinda kibanda kinachoyumba. Lakini lazima ardhi iwepo. Kulala ndani ya mashua ya wazi, hema likiwa limefungwa juu ya mlingoti uliolazwa, kunawezekana kwenye maji yaliyotulia. Kwenye ghuba inayoingiza mawimbi, hakuna anayelala.

Baridi ya maji ihesabiwe hapa pia. Kwenye maji ya baridi kali wakufunzi wa uokoaji hutumia kanuni ya moja, kumi, moja: dakika moja ya kudhibiti pumzi iliyopaa, dakika kumi ambazo mikono bado inafanya kazi, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Mashua nyepesi ikipinduka, kuinuliwa kwake kunategemea mikono hiyo ndani ya dakika hizo. Anayeichagua kwa pwani ya maji baridi avae vazi lisiloingiza maji tangu anapoondoka, na jaketi okozi juu yake, hata kama jua linawaka. Na azoee kuipindua na kuiinua ikiwa imepakiwa mizigo yote, maana mashua iliyopakiwa huinuka tofauti kabisa na ile tupu.

Tanga, makasia, injini

Kuhusu tanga nitasema machache. Chini ya majabali upepo huja kwa vishindo kutoka pande mbili tofauti ndani ya dakika moja, kwa hiyo tanga bora ni linaloshuka haraka kuliko linalokwenda kasi. Tanga la pembe nne la foromali fupi (boriti ya juu inayoshika tanga), lenye henza moja (kamba ya kutweka) na mlingoti mfupi, huanguka ndani ya mashua mara tu henza inapoachiwa. Tanga la pembetatu kwenye mlingoti mrefu hubisha vizuri zaidi, na kwa mashua ya mkuku ndilo la kuchukua. Kwa ile nyepesi naona la pembe nne, lenye mistari miwili au mitatu ya kupunguzia.

Makasia ni ya lazima kwenye mashua ya wazi, na yanasukuma noti 2 hivi kwenye maji tulivu. Dhidi ya upepo wa noti 20 hayasogezi kitu. Injini ndogo ya kuning'inia nyuma husaidia siku ya shwari, ila kwenye mawimbi mafupi pangaboi lake hutoka majini kila tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) inapoinuka, inapiga kelele na haisukumi, yaani hushindwa saa ile ile unapoihitaji. Injini ya dizeli iliyo ndani ya mashua ya kibanda ina pangaboi chini zaidi na inaendelea kushika maji. Hii ni pointi ya wazi kwa kundi la tatu.

Katamarani na trimarani

Zina kasi, zinazama kidogo tu majini, hazilali upande. Katika mbio za kutoka Port Townsend hadi Ketchikan, maili 750 bila injini kupitia visiwa na mikondo ya kaskazini-magharibi ya Amerika, zilipoanza mwaka 2015 chombo cha kwanza kufika kilikuwa trimarani. Kwa timu yenye uzoefu, kasi hiyo ni usalama, kwa sababu inafupisha muda wa kukaa nje. Kwa mtu wa kawaida aliyepakia chakula cha majuma mawili, uzito unaziua. Upana wake unazuia kuingia kwenye vijighuba, na ikipinduka kabisa inatulia juu chini, haiinuki tena bila msaada. Simshauri mtu aanze nayo kwenye miamba.

Basi uchague kipi?

Kaa na ramani ya pwani unayoikusudia, uweke alama kila mahali ambapo chombo kinaweza kujificha, na pembeni uandike upepo unaofanya mahali hapo pawe pabaya. Kisha pima pengo refu kuliko yote kati ya mafichio. Usidanganywe na kasi ya kwenye karatasi: ukomo wa kasi ya mwili wa kawaida, kwa noti, ni kama 1.34 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa futi. Futi 15 zinatoa noti 5.2, futi 21 zinatoa 6.1. Tofauti si kubwa, na safarini vyombo vyote hivi hupata wastani wa noti 3 hadi 4. Pengo la maili 24 ni saa sita hadi nane, na ndani ya muda huo mkondo utageuka angalau mara moja.

Mapengo yakiwa chini ya maili 12 hadi 15, mafichio yakiwa fukwe ndogo zisizopigwa moja kwa moja na mawimbi ya bahari kuu, na mkiwa wawili wenye nguvu, chukua mashua nyepesi bila kusita. Itawafikisha mahali ambapo chombo kingine hakitafika. Chagua iliyo chini ya kilo 200, yenye matangi ya hewa makubwa na mlingoti unaoshushwa na mtu mmoja.

Mapengo yakizidi maili 25, au pwani ikiwa ukuta wa majabali yenye ghuba za kina, au mkisafiri na mtu asiyeweza kuvuta uzito, chukua ya kibanda na mkuku. Ikiwa maji hupanda na kushuka mita 3 au zaidi na kuna mahori ya tope, iwe ya mikuku miwili. Ikiwa hakuna, mkuku mmoja wa wastani.

Kwa mapengo yaliyo katikati, mtu huvutwa achukue chombo cha katikati. Naona afadhali aegemee upande mmoja: ama apunguze safari ilingane na mashua nyepesi, ama aongeze chombo. Kama ni lazima kiwe cha mita 6, basi kiwe na sitaha ya mbele, kijibanda cha kujificha, na ubao wa kuteremsha wenye chuma kizito ndani yake, ili kisimame chenyewe na bado kiweze kuingia kwenye maji ya goti.

Chochote utakachochukua, redio ya mkononi ya VHF husikika kwa mstari wa macho tu, na jabali likiwa kati yako na msikilizaji hakuna sauti inayopita. Kwa pwani ya mbali beba kifaa cha dharura cha satelaiti cha masafa ya 406 MHz, kile cha mwilini au kile cha chomboni. Cha mwilini hutuma ishara angalau saa 24, cha chomboni saa 48. Katika mashua ya wazi kifungwe kwenye jaketi, maana mtu na mashua vinaweza kuachana.

Kabla ya kulipa, omba majaribio mawili. Mashua nyepesi ipakiwe mizigo halisi ya safari, ishushwe ufukweni, na nyinyi wenyewe muipandishe mita 10 kwenye mteremko wa mawe bila msaada wa mtu wa tatu. Ile ya mkuku itolewe nje siku yenye upepo wa noti 20 na mawimbi mafupi, tanga lipunguzwe, injini izimwe, na ibishwe kwa saa moja mkitazama alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja. Alama hizo zitaonyesha mmepanda joshini kiasi gani, na kama hamkupanda kitu, tafuteni nyingine.